Tom Feelings: Mchoraji Aliyejibu kwa Wino

Mapema miaka ya 1960, katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant huko Brooklyn, New York, kijana mmoja mweusi alizoea kutembea na daftari la kuchorea. Alikaa kwenye ngazi za nyumba na kwenye kona za barabara, akiwachora watoto waliokuwa wakicheza. Watoto nao, kama walivyo watoto popote, walimzunguka na kuchungulia juu ya bega lake. Siku moja alizungumza na msichana mdogo, akampa sifa ambayo mtoto yeyote angeifurahia: kwamba yeye ni mtoto mweusi mzuri. Msichana akakataa. Akamwambia kwamba hakuna kitu cheusi kilicho kizuri.

Kijana yule aliitwa Tom Feelings, na kauli ile ilimkaa moyoni. Miaka michache baadaye, akiwa Ghana, ng'ambo ya bahari, rafiki yake Mghana alimwuliza swali: ninyi mliochukuliwa kutoka hapa, yaliwapata yapi huko? Swali hilo nalo lilimkaa, maana hakuwa na maneno ya kulijibu.

Feelings aliandika na kuchora vitabu vya watoto kwa miaka mingi, akapata heshima ambayo hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Lakini ukiitazama kazi yake yote kwa pamoja, utaona kwamba alikuwa akijibu mambo hayo mawili tu, kauli ya mtoto na swali la rafiki. Jibu la kwanza alilitoa kwa Kiswahili. Jibu la pili alilichora kwa miaka ishirini, na katika picha zake hamna neno hata moja. Kwa sababu hiyo, sisi tunaozungumza lugha hii tuna haki ya kumjua, na deni pia.

Mtoto wa Bedford-Stuyvesant

Thomas Feelings alizaliwa Brooklyn tarehe 19 Mei 1933. Wakati huo mtaa wao ulikuwa ukipokea familia nyingi nyeusi, wengine wakitoka majimbo ya Kusini mwa Marekani na wengine visiwa vya Karibiani, wote wakitafuta kazi na nafasi ya kupumua. Tom alianza kuchora akiwa bado mdogo. Alinakili magazeti ya katuni, akawachora mashujaa wenye misuli na nguvu za ajabu, kisha akabuni hadithi zake mwenyewe kwa mtindo uleule. Mashujaa wa magazeti hayo walikuwa weupe. Mtu mweusi alipotokea humo, mara nyingi alikuwa mtumishi au kichekesho, kachorwa midomo mikubwa na macho yaliyotumbuka.

Aliyembadilisha ni mchoraji mweusi aitwaye Thipadeaux, aliyefundisha sanaa katika kituo cha vijana cha mtaani. Mwalimu huyu alikiona kipawa cha mtoto, akaiona na kasoro: Tom alikuwa akichora dunia ya watu wengine. Akamtaka aache kunakili, atazame pembeni yake, achore watu anaoishi nao. Tom akarudi nyumbani, akaanza kumchora mama yake, kisha jamaa na majirani. Aligundua kwamba uso anaouona kila siku ni mgumu kuuchora kuliko shujaa wa katuni, kwa sababu uso huo una historia, uchovu na mapenzi ambayo katuni haina. Wosia wa mwalimu yule ulikuwa mfupi, lakini Feelings aliutii mpaka mwisho wa maisha yake.

Alipomaliza sekondari alipata ufadhili wa kusoma Cartoonists and Illustrators School, chuo cha New York ambacho baadaye kilibadili jina kikawa School of Visual Arts. Kuanzia 1953 hadi 1957 alitumikia Jeshi la Anga la Marekani, akapangiwa London katika kitengo cha michoro. Alipomaliza utumishi alirudi kwao na kuendelea na masomo.

Msafiri wa ndotoni

Mwaka 1958 gazeti la New York Age, lililosomwa na watu weusi wa Harlem, lilianza kuchapisha katuni yake iliyoitwa Tommy Traveler in the World of Negro History. Mhusika wake ni mvulana anayependa vitabu. Anamaliza vitabu vyote vya maktaba vinavyowahusu watu wake, na kwa kuwa ni vichache, anavimaliza upesi. Anaelekezwa kwa daktari mmoja mwenye hazina ya vitabu nyumbani kwake, na humo, akisoma, anazama katika ndoto za mchana na kujikuta yuko ndani ya historia yenyewe. Anakutana na Frederick Douglass aliyetoroka utumwani akawa mnenaji mkubwa. Anakutana na Crispus Attucks, mtu mweusi aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa Boston mwaka 1770, katika vurugu zilizotangulia vita vya uhuru wa Marekani. Anakutana na bondia Joe Louis, na Aesop wa ngano za wanyama, ambaye Feelings alimchora akiwa Mwafrika. Anakutana pia na Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa kikatili Mississippi mwaka 1955, kifo ambacho wasomaji wa gazeti lile walikuwa bado wanakililia.

Katuni hiyo haikudumu sana, lakini inaonyesha kijana huyu alikuwa ameona nini. Aliona kwamba rafu za maktaba zina pengo, na pengo hilo haliko katika historia. Historia ipo. Kilichokosekana ni wa kuichora ili mtoto aione. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 1991, katuni ile ilitoka kuwa kitabu, na katika jina lake neno Negro lilikuwa limetoka na nafasi yake kushikwa na neno Black. Ndani ya kipindi hicho watu walikuwa wamejipa jina wenyewe, na Feelings alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo ya kujiita upya.

Baada ya katuni alirudi mitaani na daftari lake. Alichora wazee, wafanyakazi na watoto, michoro mingine ikatoka katika majarida ya harakati za haki za raia. Wachapishaji wakubwa hawakuwa na kazi ya kumpa mtu aliyetaka kuwachora watu weusi tu. Na huko mitaani ndiko alikoisikia kauli ya yule msichana.

Tuitafakari kauli ile kidogo. Mtoto hazaliwi akiamini kwamba ngozi yake ni mbaya. Lazima afundishwe, na mwalimu wake si lazima awe mtu mmoja mwenye nia mbaya. Anafundishwa na kitabu cha shule kisicho na sura kama yake, na tangazo la sabuni, na mwanasesere mwenye nywele za dhahabu, na filamu ya Jumamosi. Kila kimoja kinamwambia kidogo kidogo, na vyote pamoja vinamwambia mengi. Feelings alielewa kwamba asingeweza kumbishia yule mtoto kwa maneno. Picha ndizo zilizomfundisha, na picha ndizo zingeweza kumfundisha upya.

Accra

Mwaka 1964 alivuka bahari kwenda Ghana. Nchi hiyo ilikuwa huru tangu 1957, na Kwame Nkrumah alikuwa amefungua mlango kwa Waafrika wa ughaibuni. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mkubwa wa watu weusi wa Marekani, alikuwa amehamia Accra na kufia huko Agosti 1963. Mwandishi Julian Mayfield alikuwepo, na Maya Angelou pia, pamoja na Wamarekani weusi wengine waliokuja kutoa ujuzi wao kwa taifa jipya. Feelings aliajiriwa kuchora machapisho ya serikali na jarida la African Review.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliishi katika nchi ambayo polisi, hakimu, mwalimu, waziri, mvuvi na mama wa sokoni wote ni weusi. Aliona watu wanaotembea bila kujihami. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika michoro yake ya Marekani huzuni ilijaa usoni mwa watu, na alipofika Ghana aliona nuru ikitoka ndani ya ngozi nyeusi. Mikono yake ikajifunza upya. Mistari ikalegea na kuanza kucheza, mwanga ukaingia kwenye picha, na watu wake wakasimama wima. Anayelinganisha michoro ya Brooklyn na ile ya Accra atadhani kwamba mtu mmoja amepona ugonjwa wa muda mrefu.

Lakini Ghana ndiko walikoondokea mababu wengi. Ngome za Elmina na Cape Coast, zilizowafungia mateka kabla ya kupakiwa melini, zipo ufukweni mpaka leo, kuta zao nyeupe zikitazama bahari. Katika nchi hiyo ndipo rafiki yake alipomwuliza lile swali la yaliyowapata. Fikiria ugumu wake. Mghana alijua habari za waliobaki. Feelings alijua habari za wajukuu wa waliofika. Katikati kulikuwa na bahari, na kwa habari za bahari wote wawili walikuwa kimya.

Tarehe 24 Februari 1966 wanajeshi walimpindua Nkrumah akiwa safarini nje ya nchi. Wageni wengi walioletwa na ndoto yake waliondoka. Feelings alirudi New York mwaka huohuo.

Rafu zilizokuwa nyeupe

Alirudi wakati mambo yameanza kutikisika. Septemba 1965 mtaalamu wa usomaji Nancy Larrick alikuwa amechapisha katika jarida la Saturday Review uchunguzi uliowaaibisha wachapishaji. Alipitia vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji 63 katika miaka ya 1962, 1963 na 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maandishi au katika picha, vilikuwa 349, yaani asilimia 6.7. Vilivyosimulia maisha ya watu weusi wa Marekani wa wakati ule havikufika asilimia moja. Watoto weusi walikuwa wakiingia shuleni kila asubuhi na kufunguliwa vitabu ambamo wao hawapo duniani.

Mwaka huohuo wa 1965 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya elimu iliyotoa fedha za kununulia vitabu vya maktaba za shule. Fedha zikatafuta vitabu, wachapishaji wakatafuta waandishi na wachoraji weusi. Mtu ambaye miaka mitano nyuma hakuwa na kazi, sasa alihitajika. Kati ya 1967 na 1969 Feelings alichora vitabu kadhaa, vikiwemo vya hadithi za Afrika. Kilichomjulisha kwa taifa ni To Be a Slave cha Julius Lester, kilichotoka 1968. Lester alikusanya ushuhuda wa watu waliowahi kuwa watumwa, wakieleza kwa midomo yao walivyouzwa, walivyochapwa na walivyovumilia, naye Feelings akawapa nyuso. Kitabu hicho kilipata heshima ya tuzo ya Newbery ya vitabu vya watoto mwaka 1969. Wote wawili walifanya kazi chini ya mhariri Phyllis Fogelman wa kampuni ya Dial, mtu aliyewaamini vijana hawa wakati wengine bado walikuwa wakijiuliza.

Moja mpaka kumi, A mpaka Z

Mwaka 1968 Feelings alimwoa Muriel Grey, mwalimu wa sanaa kutoka Philadelphia. Muriel naye alikuwa amevuka bahari, lakini kwa upande wetu: alifundisha sanaa katika shule ya sekondari Kampala, Uganda. Huko alisikia Kiswahili na kukipenda. Wana wao wawili waliwapa majina ya Kiswahili. Kitabu chao cha kwanza pamoja, Zamani Goes to Market cha 1970, kinamfuata mtoto wa kijijini Afrika Mashariki anayekwenda sokoni na wakubwa wake kwa mara ya kwanza.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza: kwa nini Kiswahili? Mababu wengi wa Wamarekani weusi walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Walizungumza Kiyoruba, Kiakan, Kiwolof, Kikongo na lugha nyingine nyingi, na si wengi miongoni mwao waliopata kukisikia Kiswahili. Jibu limo ndani ya swali. Mtu aliyenyang'anywa kumbukumbu hajui babu yake alikuwa Myoruba au Mkongo. Kuchagua lugha ya kabila moja kungekuwa kubahatisha. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvuka makabila, kilikuwa lugha ya mataifa huru, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa ikitazamwa na weusi wa Marekani kama nyumba yenye mlango wazi. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Los Angeles sikukuu ya Kwanzaa, akaipa nguzo saba zenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Maneno tunayoyatumia kwenye vikao na mashambani yakawa kwa watu wengine kamba ya kushika gizani.

Ndipo mwaka 1971 kikatoka Moja Means One, kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, maneno ya Muriel na picha za Tom. Kinaanza na ramani ya nchi ambako lugha hii inazungumzwa, kisha namba zinafuata moja hadi kumi, kila moja na picha inayotanda kurasa mbili. Moja ni mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mbili ni wachezaji wa mchezo wa kete, ndugu wa bao letu. Mtoto anasonga mbele akipita miongoni mwa watu wanaofanya kazi, wanaocheza na wanaoishi. Kando ya kila neno pameelezwa jinsi ya kulitamka, ili mtoto wa Chicago alitamke kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwaka 1974 kikafuata Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Kina maneno 24, kwa kuwa Kiswahili hakina Q wala X. Kinaanza na arusi, kikapita kwa baba, chakula na heshima. Sisi tunajua kwamba jambo ni neno lenye kazi nyingi, na kwamba mwenye adabu atasema hujambo au hamjambo, na kumwamkia mkubwa kwa shikamoo. Lakini salamu ni mlango, na mgeni anayejifunza kwanza kubisha hodi hawezi kulaumiwa kwa kutojua vyumba vyote. La maana ni chaguo la maneno yenyewe. Ndege, magari na majumba hayakupewa nafasi ya kutangulia. Walitanguliza mambo yanayowafunga watu pamoja, na wakamwambia mtoto kwamba huko alikotokea watu huoana, hulishana na huheshimiana.

Picha za vitabu hivi hazina rangi za kung'aa. Feelings alizifanya kwa wino mweusi, rangi nyeupe ya maji na karatasi laini iliyolowekwa, akapata vivuli vya kijivu na hudhurungi vinavyoyeyuka kama ukungu wa alfajiri. Ngozi za watu wake hutoa mwanga. Alichora weusi wenyewe ukiwa chanzo cha nuru, na hilo ndilo jibu lake kwa msichana wa Bedford-Stuyvesant.

Moja Means One kilipata heshima ya Caldecott mwaka 1972. Tuzo ya Caldecott, inayotolewa tangu 1938, ndiyo kubwa kuliko zote nchini Marekani kwa vitabu vya picha, na Feelings alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka 1975 Jambo Means Hello nacho kikaipata. Kwa hiyo mara mbili ndani ya miaka mitatu, kitabu cha Kiswahili kilisimama jukwaani mbele ya wakutubi wa Marekani. Sijui watu wangapi kwetu walipata habari hiyo wakati ule. Leo tuipate na tuitunze.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, Feelings hakuwa New York. Kuanzia 1971 hadi 1974 aliishi Guyana, Amerika ya Kusini, nchi iliyopata uhuru 1966, akifanya kazi na Wizara ya Elimu na kuwafundisha vijana wa huko kuchora vitabu vya shule. Aliwaachia wosia aliopewa na Thipadeaux, kwamba mtoto wa Guyana achorewe Guyana. Mwaka 1972 alitoa Black Pilgrimage, kitabu alichoandika na kuchora mwenyewe, kikisimulia safari yake kutoka Brooklyn mpaka Afrika. Ndoa yake na Muriel ilivunjika mwaka 1974. Vitabu vyao viliendelea kusomwa.

Miaka ishirini juu ya bahari

Alirudi Marekani katikati ya miaka ya 1970 akiwa na swali la rafiki yake Mghana bado mfukoni. Akaamua kulijibu. Angechora safari yenyewe, kutoka kukamatwa bara, kuteremshwa ufukweni, kupakiwa melini, mpaka nchi kavu ya ng'ambo.

Wanahistoria wanakadiria kwamba katika karne zaidi ya tatu watu milioni 12.5 hivi walipakiwa katika meli za Atlantiki, na walioteremka wakiwa hai ni milioni 10.7. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu waliobaki baharini. Hawana makaburi, na majina yao hayakuandikwa, kwa sababu daftari la nahodha liliorodhesha shehena. Mchoraji aliyewahi kufundisha watoto kuhesabu moja hadi kumi alikuwa sasa mbele ya hesabu isiyohesabika, na kazi yake ikawa kuirudisha kwa mtu mmoja mmoja.

Alisoma kila alichoweza kusoma, akajifungia, akachora. Ilimchukua miaka ishirini hivi. Si kwamba mkono wake ulikuwa mzito. Ni moyo uliolemewa. Kila siku ilibidi ashuke tena ndani ya tumbo la meli, katika joto, kinyesi, pingu na kilio, kisha apande juu kula chakula chake cha jioni. Katikati alitoa vitabu vingine vilivyompa pumzi. Something on My Mind cha 1978, pamoja na mshairi Nikki Grimes, kilimletea tuzo ya Coretta Scott King, inayopewa waandishi na wachoraji weusi wa vitabu vya watoto. Daydreamers cha 1981 alikifanya na Eloise Greenfield. Now Sheba Sings the Song cha 1987 kilitokana na michoro ya wanawake weusi aliyoikusanya kwa miaka mingi, na Maya Angelou, mwenzake wa siku za Accra, akaiandikia shairi. Mwaka 1993 kikatoka Soul Looks Back in Wonder, alichokipaka rangi tele na kukijaza mashairi ya washairi weusi, nacho kikampa tuzo ya Coretta Scott King ya pili.

Mwaka 1990 alianza kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha South Carolina, mjini Columbia. Jimbo hilo ndiko iliko Charleston, bandari iliyopokea mateka wengi kuliko nyingine yoyote ya Marekani. Huko, katika jimbo ambako meli zilitia nanga, alimalizia kazi aliyoianza kwa swali aliloulizwa mahali meli zilipong'oa nanga.

The Middle Passage ilichapishwa na Dial mwaka 1995, ikiwa na dibaji ya mwanahistoria John Henrik Clarke. Baada ya kurasa za mwanzo maneno yanakoma. Zinabaki picha 64 za nyeusi na nyeupe. Meli ni nyeupe kama mfupa. Wazungu waliomo wamechorwa weupe wa mizimu, kama watu waliokwisha kupoteza kitu ndani yao. Waafrika ni weusi wenye uzito, wenye misuli, nyuso na mikono inayotafutana. Hakuna anayechorwa kama kundi tu. Hata walipolazwa kwa mamia, jicho lako linapata mtu, kisha mwingine. Picha hizi hazihitaji mkalimani. Mghana, Mbrazili, Mjamaika na Mswahili watazisoma kwa lugha moja, na hivyo jibu likamfikia kila aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Sisi wa pwani ya Mashariki tukizitazama, tunaona na yetu. Kilwa, Bagamoyo na Unguja nazo zilisafirisha watu, na soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, muda ambao si mrefu kwa familia zinazokumbuka vizazi. Bahari yetu ya Hindi nayo ina waliobaki humo. Bado inamsubiri mtu wa kukaa nayo miaka ishirini.

Mwaka 1996 kitabu hicho kilimpa Feelings tuzo ya Coretta Scott King kwa mara ya tatu. Alifariki Mexico mwezi Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 70.

Wosia wa Thipadeaux

Tukiondoa tuzo na miaka, kinachobaki ni neno la mwalimu wa mtaani kwa mtoto anayenakili katuni: chora watu unaoishi nao. Neno hilo lilitoka Brooklyn, likafika Accra, likafundishwa Guyana, likajifunza kuhesabu kwa Kiswahili, likashuka mpaka chini ya sitaha ya meli. Kwetu bado lina kazi. Watoto wetu wengi huanza chekechea kwa kuimba tufaha ambalo hawajalionja, na kupaka rangi nyumba zenye dohani na theluji ambazo hawajaziona. Hakuna ubaya mtoto kuijua theluji. Ubaya huanza pale anapoijua theluji kabla ya embe la uani kwao, na kudhani kwamba mambo ya vitabuni ni ya watu wengine.

Wachoraji tunao. Ukipita mtaa wowote, kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye bodi ya daladala, kwenye kanga, mkono wa Mswahili unaojua kuchora utauona. Watu wawili waliozaliwa Brooklyn na Philadelphia waliamini kwamba maneno yetu na nyuso zetu zinatosha kufundishia watoto wao hesabu na herufi. Waliotufikiria hivyo kwa mbali wametuachia kipimo.

Tom Feelings alianza kwa kumchora mama yake. Basi mtoto wa Lamu, wa Kigoma, wa Bukavu naye apewe kitabu, akifunue, na katika ukurasa wa kwanza amkute mama yake amekaa mlangoni, kitenge begani, na nuru inatoka katika ngozi yake.